Somo: Kuandika mwongozo wa programu kwenye ukurasa mmoja

Swali la namna ya kuandika mwongozo wa programu ya kompyuta nimelijibu mara nyingi mno. Naliandika hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

1. Chagua kazi moja. "Kupanga majina kwa alfabeti" ni kazi. "Kuijua Excel" siyo.

2. Ifanye mwenyewe polepole, uandike kila unachobofya.

3. Anza kila hatua na kitenzi. Jina la kitufe liandike kama lilivyo kwenye skrini, usilitafsiri.

4. Onyo likae juu ya hatua, kamwe si chini yake. Hapa niliwahi kuwaponza watu. Niliandika: chagua safu wima ya majina, kisha panga. Mstari uliofuata ndio ulieleza kwamba Excel itauliza kama ijumuishe safu za jirani, na kwamba lazima ukubali. Waliofika kwenye mstari huo walikuwa wameshabofya. Majina yakahama, alama za safu ya jirani zikabaki palepale, kila mtu akapata alama za mwenzake. Waliokuwa wamehifadhi na kufunga faili, Ctrl+Z (amri ya kutengua) haikuwafaa tena. Mtafiti John Carroll na wenzake wa kampuni ya kompyuta ya IBM waliliona jambo hili miaka ya 1980: mtu anayejifunza programu haketi kusoma, anajaribu huku anasoma. Kwa hiyo penye hatari weka onyo kwanza, kisha hatua, kisha namna ya kurudi nyuma.

5. Mpe mwongozo mtu asiyeijua programu. Kaa kimya, tazama anapokwama, paandike upya.

MASWALI

– Mkuu, naomba mwongozo wa Photoshop yote, ukurasa mmoja.
Soma hatua ya 1.

– Mwongozo wangu una hatua 23 na watu wanalalamika. Shida ni wao, hawapendi kusoma.
Ulimjaribishia nani?
– Sijapata muda.
Basi hujamaliza kuuandika.

– Picha za skrini ziwe ngapi?
Swali zuri. Weka pale tu ambapo kitufe ni kigumu kukiona. Ikate picha, lakini bakiza ukingo wa dirisha ili msomaji ajue yuko upande gani. Maelezo yawe kando ya picha hiyohiyo, asilazimike kufunua ukurasa. Na andika namba ya toleo la programu, maana menyu huhamishwa.

– Mimi huambatanisha faili la mazoezi lenye majina ya kubuni, mtu aharibu humo kwanza.
Hili sikuwa nalo, ndugu. Kuanzia leo naliweka kabla ya hatua ya kwanza. Je, huwa unaweka safu ngapi?
– Tatu tu, na mistari kumi. Ikivurugika anaona kwa jicho.