Karatasi za naibu sherifu: zikae wapi na kwa muda gani

Kabla sijavuka maji nilikaa miaka tisa katika masjala ya halmashauri moja mkoani Tanga. Kule tulifunzwa kwamba karatasi yoyote inayomhusu mtumishi inaingia jaladani mwake, inapewa namba ya folio, na haitoki tena. Nilipoajiriwa kitengo cha utumishi cha ofisi ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, ambaye maafisa wake huitwa manaibu, hapa California, nikaja na mazoea yaleyale. Ndiyo yaliyoniponza. Wewe uliyepata kazi kama yangu, anza kwa kuyaacha mlangoni.

Karatasi za mtumishi mmoja hapa zinakaa mahali panne. Jalada la kawaida linabeba barua ya ajira, kiapo, vyeti vya mafunzo, tathmini na kupandishwa cheo.

Mambo ya afya yana kabati lake lenye kufuli: majibu ya daktari, ripoti ya mwanasaikolojia, vyeti vya ruhusa ya ugonjwa. Sheria ya shirikisho ya watu wenye ulemavu, ya 1990, inataka yatengwe. Sajenti akija kuuliza, mwambie tu kwamba naibu wake kwa sasa asinyanyue mizigo. Anaumwa nini, hilo halimhusu.

Fomu za I-9, zinazoonyesha mtu anaruhusiwa kufanya kazi Marekani, nimeziweka pamoja za ofisi nzima, kwa alfabeti, ili mkaguzi akija asipitie siri nyingine za watu. Sehemu ya mwajiri ijazwe ndani ya siku 3 za kazi tangu mtu aanze. Usimchagulie hati ya kukuletea. Orodha iko kwenye fomu, achague mwenyewe. Fomu inatunzwa miaka 3 tangu kuajiriwa au mwaka 1 tangu kuondoka, kutegemea kipi kinachelewa zaidi kuisha.

Mahali pa nne ni malalamiko na uchunguzi wa ndani. Raia akilalamika, kisha ikaonekana jambo halikutokea au naibu hakukosea, lalamiko hilo ni marufuku kuliweka kwenye jalada la kawaida. Wala usilichane. Linatunzwa pembeni.

Sasa lile lililoniponza. Mwaka wangu wa kwanza sajenti mmoja aliacha kwenye trei yangu dokezo la nusu ukurasa: naibu fulani amechelewa zamu ya jela mara tatu. Juu kaandika kwa kalamu nyekundu, "jaladani". Nikalitoboa, nikalipachika, nikaenda kunywa chai. Miezi kadhaa baadaye yule naibu aliomba cheo, akaja kusoma jalada lake, akakutana na karatasi ambayo hajapata kuiona. Hakunipigia kelele. Aliuliza tu, "Sahihi yangu iko wapi?" Dokezo likatolewa, na mimi nikaitwa ofisini.

Sheria ya haki za maafisa wa usalama ya jimbo hili, ya 1976, iko wazi: neno lolote baya halipachikwi kabla mhusika hajalisoma na kutia sahihi kwamba ameliona. Akikataa kutia sahihi, andika kwenye karatasi hiyohiyo kwamba amekataa, naye aweke sahihi au herufi zake hapo. Ndiyo, asaini kwamba amekataa kusaini. Nami nilicheka mara ya kwanza. Baada ya hapo ana siku 30 za kujibu kwa maandishi, na jibu lake linaambatanishwa na dokezo. Tangu siku ile, karatasi mbaya isiyo na wino wa mhusika naipeleka kwa aliyeileta, kwa mkono wangu.

Muda wa kutunza haulingani. Kumbukumbu za mishahara ni miaka 3 kwa sheria ya shirikisho. Kumbukumbu za utumishi kwa jumla ni miaka 4 kwa sheria ya jimbo. Malalamiko yaliyothibitika yanatunzwa angalau miaka 15, na yasiyothibitika angalau 5. Kukiwa na shauri, au mwananchi ameomba kuona kumbukumbu na ombi halijamalizwa, huchomi kitu hata kama muda umepita. Mimi nabandika utepe mwekundu mgongoni mwa jalada, asije mwenzangu akalipeleka kwenye mashine ya kukatia karatasi nikiwa likizo.

Mtu akiajiriwa au akiondoka, tume ya POST, inayotoa vyeti vya maafisa, ipate taarifa ndani ya siku 10. Hesabu tangu siku yenyewe, usingoje sherehe ya kuagana. Na naibu akijiuzulu huku anachunguzwa kwa kosa zito, usifunge jalada la uchunguzi kwa kuwa amerudisha beji. Tangu 2023 POST inaweza kumnyang'anya cheti, na ofisi inawajibika kuumaliza uchunguzi hata kama mwenyewe keshahamia kaunti nyingine. Langu moja la namna hiyo bado liko mezani, na utepe wake.