Viungo vya uzazi maabara: shika kwanza, kariri baadaye

Anayesoma mfumo wa uzazi kwa mchoro wa ukutani pekee hutaja majina yote, lakini akiwekewa kiungo kibichi kwenye trei hajui aanzie wapi. Mimi ni fundi wa maabara ya baiolojia hapa Unguja, na wanafunzi wangu nawaambia wafuate njia: anza pale yai linapotoka, uende nalo mpaka nje, kisha ufanye vivyo hivyo kwa mbegu ya kiume.

Sisi tunatumia mbuzi. Mwagize mchinjaji mapema akutolee kizazi kizima, ovari zote mbili zikiwa zimeshikana nacho. Cha beberu, akupe korodani ndani ya mfuko wake. Vibebe kwenye deli la barafu, ila korodani zisigusane nayo. Mbegu zikiganda hufa.

Vaa glovu, mwanangu, hata kama mikono yako imezoea nyama jikoni. Brusela, bakteria wa maradhi ya mifugo, hukaa hasa kwenye viungo hivi, na humwambukiza binadamu. Kizazi chenye mimba nakiacha huko huko machinjioni, na mwanafunzi mjamzito hapasui.

Tandaza kizazi bila kukata. Kwenye ovari tafuta malengelenge yenye maji maangavu: hizo ni folikoli, na yai hukulia humo. Ukikuta uvimbe mgumu uliojaa, ni kopasi luteumu, alama kwamba yai limeshatoka; ndiyo inayotoa projesteroni, homoni ya kutunza mimba. Fuata mrija mwembamba kwa ncha za vidole mpaka uingie kwenye pembe ya mji wa mimba. Pembe ziko mbili, zimejipinda mithili ya za kondoo dume. Hapa simama uchore, maana mtahini huuliza habari za binadamu, na binadamu hana pembe hizi: mji wake ni chumba kimoja, urefu karibu sentimita 7.5. Vinundu utakavyoviona ndani ya pembe, ambapo kondo la nyuma hushika, navyo binadamu hana. Kisha chukua chelewa butu, upitishe ukeni kuelekea shingo ya kizazi. Itakwama. Usilazimishe, pasua kwa urefu uzione pete zilizoizuia.

Wapo wanaoona haya kutamka uke au uume mbele ya wenzao. Stara yetu naiheshimu, lakini maabara nataka kila mtu ayataje kwa sauti, kwani kesho hawa ndio wauguzi na walimu wa skuli.

Kwa dume, fungua mfuko, uone mishipa iliyosokotana juu ya korodani. Hiyo hupoza damu inayoingia, kwa sababu mbegu hutengenezwa kwenye joto la chini kuliko la mwili. Kata mkia wa epididimisi, mrija uliojikunja ubavuni mwa korodani unaohifadhi mbegu, dondosha majimaji yake kwenye slaidi pamoja na maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita, yenye joto la nyuzi 37. Kiungo kikiwa kibichi, utaziona mbegu zikiogelea kwenye hadubini.

Mwisho funika trei uchore kila kitu bila kuangalia. Ulipokwama, funua ukishike kiungo tena kabla hakijaanza kunuka.