Jinsi ya kuomba usipangiwe ovataimu bila kuandikiwa barua ya kujieleza

Ijumaa moja saa tisa alasiri, hapa Moshi, nilikuta jina langu limeongezwa kwa peni kwenye rosta ya wikiendi, pembeni kabisa ya karatasi, hakuna aliyeniuliza. Nikakasirika nikazima simu nikaenda zangu Pasua kulala, Jumatatu barua ya kujieleza inanisubiri. Kwa hiyo watumishi wa umma wenzangu, msikatae kwa mdomo wala kwa kutoonekana, huo wataita utoro tu.

Anza na mwenyekiti wa tawi lenu la chama cha wafanyakazi, iwe TUGHE (serikali na afya) au TALGWU (serikali za mitaa), mwambie akuonyeshe mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, kama upo, na barua yako ya ajira isome tena. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku, zaidi ya hapo ni ovataimu na lazima kuwe na makubaliano, sasa ukikuta ulishasaini kwamba utafanya ikihitajika, hapo makubaliano unayo tayari na kukataa kunakuwa kugumu. Lakini hata hivyo mwisho ni saa 50 za ovataimu ndani ya wiki 4, na siku nzima isizidi saa 12. Dharura ya kweli haihesabiwi hapa jamani, usiache mgonjwa anavuja damu ukaanza kutaja vifungu.

Halafu andika barua kabla ya shifti. Iende kwa mkurugenzi, K.K. (kupitia kwa) mkuu wako wa idara, YAH: OMBI LA KUTOPANGIWA KAZI ZA MUDA WA ZIADA. Taja tarehe, taja saa ulizokwisha kufanya (mimi naandika kwenye kidaftari kila siku), sababu mstari mmoja inatosha, na kama kuna mwenzako amekubali kukushikia, mtaje na asaini. Meseji ya WhatsApp kwa bosi siyo barua.

Ombi likikataliwa nenda kafanye, ila dai hela yako. Mshahara wa mwezi gawanya kwa 195, mfano 780,000 unapata 4,000 kwa saa, ovataimu ni mara moja na nusu yaani 6,000, sikukuu ni mara mbili, 8,000. Usiku kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na mbili asubuhi inaongezwa asilimia 5, hii wengi hawaidai kabisa sijui kwa nini.

Wasipolipa rudi kwa tawi, CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) usikimbilie, mtumishi wa umma lazima amalize kwanza ngazi za malalamiko za utumishi wa umma.

Na barua peleka masjala nakala mbili. Watakwambia acha hapo mezani tutagonga muhuri baadaye, we simama hapohapo mpaka wagonge.