Namna ya Kuishi na Picha Moja Ukutani

Nyumba nyingi zina picha ukutani, lakini ni chache ambamo picha hiyo hutazamwa. Hutundikwa siku moja, wageni huisifu kwa wiki mbili tatu, kisha macho huizoea kama yanavyozoea swichi ya taa. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka picha yake iendelee kumfaa baada ya mazoea hayo kuingia.

Chagua picha moja tu kwa kuanzia. Usiichague kwa kuwa rangi zake zinalingana na makochi. Chagua ile inayokusumbua kidogo, yenye jambo ambalo bado hujalielewa, kwa maana picha unayoimaliza kwa kutupa jicho mara moja haitakuwa na la kukuambia mwezi ujao. Inaweza kuwa nakala iliyochapishwa, kazi ya msanii unayemfahamu au mchoro wa mwanao. Bei isikushughulishe.

Katikati ya picha pawe kwenye usawa wa macho, yaani takriban sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Ikiwa utaitazama zaidi ukiwa umeketi, ishushe. Iepushe na jua la moja kwa moja. Vincent van Gogh, mchoraji mashuhuri wa Kiholanzi, alipochora chumba chake cha kulala mwaka 1888, alimwandikia nduguye kwamba kuta zake ni za zambarau hafifu, lakini leo sisi tunaziona za buluu, kwa sababu rangi nyekundu aliyoichanganya humo imefifishwa na mwanga. Ikiwa mwanga umeweza kubadili kazi ya mchoraji kama huyo, utaiharibu upesi zaidi picha ya karatasi iliyo mkabala na dirisha.

Sasa keti mbele yake kwa dakika kumi, simu ikiwa chumba kingine. Baada ya dakika mbili utadhani umeshaona yote, na hapo ndipo watu wengi huinuka. Baki. Usianze kwa kuuliza picha inamaanisha nini, kwa sababu swali hilo likitangulia hufunga macho. Anza kwa kutaja kimoyomoyo vilivyomo, kimoja baada ya kingine: mwanga unatoka upande gani, nani anamtazama nani, wapi pameachwa patupu.

Chukua mfano wa mchoro wa Johannes Vermeer, naye mchoraji wa Kiholanzi, unaoonesha mtumishi anayemimina maziwa, uliochorwa karibu mwaka 1660, ambao hauzidi sentimita 46 kwa urefu. Mtazamaji mwenye haraka huona mwanamke, mtungi na mikate. Anayekawia huona kwamba kwenye ukuta mtupu nyuma yake kuna msumari, kivuli chake chembamba na matundu ya misumari iliyong'olewa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022 ulionesha kuwa mchoraji alikuwa ameanza kuweka kishikilio cha mitungi ukutani hapo, kisha akakifunika kwa rangi. Utupu ule, basi, aliuchagua mwenyewe, na ndio unaotufanya tusikie, kama inawezekana kusema hivyo, maziwa yakimiminika. Kazi ya kawaida kabisa ya jikoni imepewa heshima ambayo wengi huidhania kuwa ni ya wafalme tu. Kwangu mimi, hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa anayeuliza sanaa ina faida gani katika maisha ya kila siku.

Wiki inayofuata, chukua penseli uinakili picha yako, hata kama hujui kuchora. Mchoro wako unaweza kutoka vibaya na usidhuru lolote, kwa kuwa mkono unalazimisha jicho kuamua bega linaishia wapi na kivuli kinaanzia wapi. Kisha mwombe mtu wa nyumbani akueleze anachokiona, na umsikilize bila kumsahihisha, hasa akiwa mtoto. Mara nyingi ataanza na kile ulichokiruka.

Baada ya muda utajikuta umesimama mbele ya sinia la jikoni kwako mwenyewe, ukitazama namna mwanga wa asubuhi unavyokaa ukingoni mwake. Siku ukigundua kwamba umepita mbele ya picha yako wiki nzima bila kuiona, itoe ukutani, ihifadhi mahali pakavu kwa miezi mitatu, kisha irudishe kwenye ukuta mwingine.