Jina likikosewa kwenye faili la jeshi: pa kuanzia na pa kupita

Ndugu zangu wastaafu, na ninyi mlioko bado kazini,

Miaka yote niliyokaa masjala ya kikosi niliona jambo moja likijirudia. Mtu amebakiza miezi michache astaafu, ndipo anagundua jina lake limekosewa. Anakimbilia kwa wakili kuapa, halafu NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, abadilishe jina lifanane na lile lililokosewa. Sasa ana makosa mawili, na la pili amelitengeneza mwenyewe. Nawaomba sana: tafuteni kwanza kosa liliingilia wapi, mlirekebishe hapohapo.

Hatua ya kwanza: panga karatasi

Tandaza karatasi zako zote mkekani, ya zamani kuliko zote ikae kushoto. Cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo, cheti cha shule, nakala ya fomu ya kuandikishwa kama unayo, barua za kupandishwa cheo, cheti cha ndoa, hati ya mshahara, kitambulisho cha NIDA. Mwite mtoto au mjukuu akusomee jina herufi kwa herufi, wewe ukifuata kwa kidole kwenye karatasi ya pili. Usisome peke yako. Jina lako umelizoea mno, utasoma unachokijua badala ya kilichoandikwa.

Sisi wa Ugogo tuna kosa letu la kudumu. Tuseme mama yako anakuita Chilewa. Karani wa mkoa mwingine akisikia hiyo "Chi" anadhani umeshindwa kutamka "Ki" ya Kiswahili, anakusaidia, anaandika Kilewa. Langu lilipinda namna hiyohiyo, na kwa miaka mingi nilitia sahihi chini yake bila kushtuka. Nilipopanga karatasi niliona fomu ya kuandikishwa ilikuwa sahihi, kwa mwandiko wangu mwenyewe, wino wa bluu uliofifia. Jina lilianza kupinda kwenye barua yangu ya kwanza ya cheo, iliyopigwa taipu kikosini. Kwa hiyo sikuwa na shida RITA, wanakosajili vizazi na vifo, wala NIDA. Nilihitaji barua moja tu, yenye nakala ya ile fomu nyuma yake.

Hatua ya pili: lijue kosa lako

Herufi iliyokosewa ni jambo moja. Jina tofauti kabisa ni jingine. Kwa herufi, au mpangilio wa majina uliogeuka, hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo mara nyingi inatosha kueleza kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Ukiwa kweli ulibadili jina, kiapo hicho hakitoshi. Utahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati.

Tarehe ya kuzaliwa ni ngumu zaidi. Wazee wetu walihesabu miaka kwa njaa na matukio: huyu wa njaa ya Mtunya, yule wa mwaka wa kuhamia vijijini. Karani akaandika alichoweza kukisia. Kumbuka pia kwamba namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Aliyezaliwa 7 Machi 1966 namba yake inaanza na 19660307. Ofisa akiilinganisha na faili, tofauti anaiona papo hapo.

Na kuna kumbukumbu zisizokuwepo kabisa: kozi uliyohitimu, cheo, uhamisho. Hapo kiapo hakina kazi. Tafuta cheti cha kozi au barua ya uhamisho.

Hatua ya tatu: barua

Aliyeko kazini apitishe barua kwa wakubwa wake hadi kwa Mkuu wa Kikosi, asiruke ngazi. Barua iwe ya ukurasa mmoja: namba ya jeshi, cheo, jina lilivyo sasa, jina sahihi, hati inayothibitisha, ombi moja. Usichanganye na malalamiko ya posho. Nimeona barua nzuri zikikaa kwenye trei kwa sababu aya ya tatu ilihitaji ofisi nyingine.

Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Hati halisi usiiache popote.

Maswali ya wanachama

Mjane, Kongwa: Mume wangu alipigana vita vya Kagera. Cheti cha kifo kina jina la nyumbani, faili lina jina la ubatizo. Nianzie wapi?

Pole sana mama. Kabla hujafungua shauri la mirathi Mahakama ya Mwanzo, beba karatasi zenye majina yote mawili na umweleze karani wa mahakama mapema. Omba uteuzi wa msimamizi wa mirathi utaje majina yote mawili kuwa ya marehemu mmoja. Ukishapewa Fomu Namba IV, yaani hati ya uteuzi huo, yenye jina moja tu, utarudi tena mahakamani. Nenda na mtu wa ukoo anayemjua marehemu tangu utoto.

Kijana, Bahi: Cheti changu cha JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kimekosewa jina la kati. Nifute niandike upya?

Usikiguse, mwanangu, wala usikipeleke kuwekewa plastiki. Rudi kwenye kambi uliyohitimu ukiwa na cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne. Kambi ikishindwa, omba ikuandikie barua ya kwenda Makao Makuu ya JKT, Chamwino.

Mwanachama, Mpwapwa: Naweza kupunguza miaka kidogo nikae kazini zaidi?

Hapana. Huko ni kughushi, na fomu uliyojaza siku ya kuandikishwa bado ipo. Inaweza kukugharimu mafao yako.

Mwanachama, Kondoa: Nikutumie picha ya kitambulisho uniangalizie?

Usitume, afande, si kwangu wala kwa mwingine yeyote. Niandikie tu: "herufi ya pili ya jina la mwisho, faili linasema R, cheti kinasema L." Hiyo inanitosha kukuelekeza.