Boga la nyama na embe kwa jiko la mkaa

Adui wa pishi hili ni maji. Mara ya kwanza nilijaza boga nyama mbichi na embe lililoiva likatepeta. Kufungua, nakuta supu, na kitako cha boga kimeachia sufuriani. Wageni walikula kwa kijiko, kwa adabu tu.

Hatua ya 1: boga. Hapa Tabora maboga mengi huvunwa mvua zikielekea kuisha, na maembe huja Novemba na Desemba zikianza. Kwa hiyo utatumia boga lililokaa ndani miezi kadhaa, nalo ndilo hasa: maji yamepungua, utamu umezidi. Chagua la kilo 2 hivi, ganda lisilopenya ukucha, kikonyo kikavu bado kipo. Lililonyofoka kikonyo huanza kuozea pale pale, hata kama nje linang'aa. Muuzaji akikwambia limenyofoka leo asubuhi, tabasamu, pita.

Hatua ya 2. Kata kifuniko juu, kisu ukikilaza kuelekea ndani ili kifuniko kisije kikatumbukia. Komba mbegu na nyuzi zote (mbegu kaanga na chumvi, usitupe). Paka chumvi ndani, lifudikize dakika 20 lichuje.

Hatua ya 3: nyama. Nusu kilo ya ng'ombe, ya kusaga. Bandika bila mafuta mpaka maji yake yakauke. Ndipo utie mafuta kidogo, kitunguu, saumu, tangawizi, kijiko cha chai cha bizari nyembamba, mdalasini kidogo na chumvi. Nyanya usitie. Najua mkono utakuwasha, usitie. Ikianza kushika chini, epua. Changanya na kikombe cha wali uliopoa, ambao ndio utakaonyonya maji ya boga, konzi ya karanga zilizokaangwa na kutwangwa nusunusu, na embe 1 lililoanza tu kuiva, bado gumu, likatwe vipande vidogo kama karanga.

Hatua ya 4. Jaza bila kushindilia, acha nafasi ya kidole juu. Pakaza ukingo kijiko 1 cha asali. Sukari ya nini, na sisi tuko Tabora?

Hatua ya 5: moto. Tandika mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, kama unaoka keki. Weka boga kwenye sahani ya bati, rudishia kifuniko chake, funika sufuria kwa sinia, palia makaa juu. Chini yawe machache, juu mengi. Lipe saa moja na nusu hivi, ukiongeza makaa yakififia. Kupima, choma kijiti ubavuni karibu na juu. Kikiingia kama kwenye kiazi kilichoiva, tayari. Usichome chini, litavuja.

Epua, liache dakika 15 litulie, kisha likate kama tikiti maji, na kachumbari yenye ndimu pembeni. Kipande cha kwanza huvunjika. Hicho ni cha mpishi.