Changarawe za Vifaranga: Tafuta Jiwe Gumu, Acha Maganda ya Baharini

Wafugaji wengi wa Dar es Salaam, Tanga na Unguja wakisikia kwamba kifaranga anahitaji mawe madogo tumboni, hukimbilia vitu viwili: mchanga mweupe wa ufukweni, au maganda ya kombe yaliyosagwa yanayouzwa kwenye maduka ya vyakula vya mifugo. Nia ni njema, ila vyote viwili havimfai kifaranga. Mchanga mweupe wa fukwe zetu mara nyingi huwa na matumbawe na maganda yaliyosagika, yaani chokaa. Chokaa hiyo ikifika tumboni, tindikali inaiyeyusha kabla haijasaga chochote. Tena mchanga huo una chumvi, na kifaranga hastahimili chumvi nyingi: huharisha, hujaa maji mwilini, na hufa.

Chakula kikitoka kwenye gole, ule mfuko wa shingoni, hupita kwanza kwenye tumbo dogo linalotoa tindikali, kisha huingia kwenye firigisi. Firigisi ni msuli mnene unaobana na kuachia mfululizo, na mawe yaliyomo ndani ndiyo yanayovunja punje. Siku ukichinja kuku aliyekuwa akizunguka nje, pasua firigisi yake utazame: mawe utakayoyakuta yamekuwa laini kwa kusuguana. Ndiyo maana tunataka jiwe gumu lenye pembe, lisiloyeyuka, la kukaa humo kwa majuma.

Chokaa ina kazi yake, na kazi hiyo ni ganda la yai. Chakula cha kuku wa mayai huwa na kalisi, yaani kalsiamu iliyomo kwenye chokaa, asilimia 3.5 hadi 4 hivi, wakati chakula cha vifaranga huwa na karibu asilimia 1. Ukimmwagia kifaranga maganda ya kombe, kalisi inayozidi huharibu figo zake zingali changa, na figo zikishaharibika hakuna dawa ya kuzirudisha. Weka maganda hayo kando mpaka mitetea waanze kutaga. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa baya kuliko yote katika suala la changarawe, maana mfugaji hulifanya kwa fedha yake akidhani anamtunza kifaranga wake.

Si kila kifaranga anahitaji changarawe. Anayekula chakula cha dukani cha unga peke yake anaweza kukua vizuri bila jiwe hata moja, kwa sababu chakula chake kimekwisha kusagwa. Anayetembea na mama yake uani hujiokotea mwenyewe. Mwenye shida ni yule aliyefungiwa bandani juu ya maranda au sakafu ya saruji, halafu anapewa paraza (nafaka iliyovunjwavunjwa), chenga za mchele, mtama, mchicha au majani. Hana pa kuokota, na chakula chake kinataka kusagwa. Kama ndivyo unavyolisha, anza kuwapa changarawe siku mbili au tatu kabla ya kuwaonjesha nafaka.

Ili kujua kama jiwe linafaa, liponde kidogo ulikamulie ndimu au ulimwagie siki. Likitoa mapovu ni chokaa, liache. Lisipotoa, na likiwa halivunjiki kwa vidole, linafaa. Mwanza, Dodoma na Iringa hamna tabu: miamba imewazunguka, na mchanga wa mtoni una chembe nyingi ngumu. Dar es Salaam, ulizia vumbi la kokoto ngumu zinazoletwa kutoka Lugoba, usichukue lile la mawe ya matumbawe. Usikusanye changarawe kando ya gereji wala barabarani, kwani kuna mafuta, vipande vya betri na vyuma. Chupa iliyopondwa usiiguse kabisa.

Ukubwa ndio unaowashinda wengi. Majuma ya mwanzo punje za milimita 1 hadi 2 zinatosha, sawa na ulezi. Kuanzia mwezi wa pili panda taratibu kuelekea ukubwa wa mtama. Chekecha kwanza kwa wavu wa dirishani wa kuzuia mbu, utupe kinachopita, kwa sababu vumbi halikai kwenye firigisi. Kilichobaki juu kichekeche tena kwa chekeche lenye matundu makubwa kidogo, uondoe mawe makubwa. Kisha osha mpaka maji yatoke meupe, chemsha, na anika juani juu ya bati safi. Kuchemsha si kujisumbua bure: mchanga uliokanyagwa na kuku wengine huweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa kuhara damu, ambao huua vifaranga wengi kwa muda mfupi.

Vifaranga wapya huwa hawajui chakula ni kipi, hudonoa chochote. Siku mbili tatu za kwanza wape chakula na maji tu, la sivyo watajaza gole mawe na kukosa lishe. Baadaye nyunyiza kidogo juu ya chakula, kiasi unachobana kwa vidole vitatu. Wakishazoea, weka kwenye kisahani chake, mbali na maji, na wakikute wakiwa wameshiba. Usichanganye kwa wingi kwenye chakula ukidhani unakiongeza.

Majani wakatie vipande vifupi sana. Nyasi ndefu hujisokota ndani ya gole na firigisi, na changarawe haziwezi kuzifungua.

Jioni papasa magole ya vifaranga wachache: yawe yamejaa na laini. Asubuhi, kabla hawajala, papasa tena: yawe matupu. Ukikuta gole gumu asubuhi, au punje nzima kwenye kinyesi, ondoa nafaka na majani, warudishe kwenye chakula cha unga, na uhakikishe maji safi hayakosekani. Asiyepata nafuu baada ya siku moja mtenge, umwite afisa mifugo wa kata.